Swali Lililobaki Nyuma ya Pazia

Kuinua ng'ombe aliyelala si mchezo, na asiyewahi kuifanya kazi hiyo asiwacheke walioumia wakiifanya. Mwaka ule wa ukame, elfu mbili na tano kuelekea sita, Kajiado nzima ilikuwa ikiamkia kazi hiyo moja. Ng'ombe akikosa majani muda mrefu hulala chini usiku, na kukikucha miguu inamkataa. Asipoinuliwa, jua likipanda amekwisha. Basi wanaume hujipanga, mmoja kwenye pembe, mmoja mkiani, wengine wanapitisha mikono chini ya tumbo, wanamnyanyua na kumshikilia mpaka akumbuke kusimama. Wakimaliza huyo, wanaenda kwa mwingine.

Mzee Kisemei ndiye aliyekuwa akishika mkia. Mtu wa umri wake alipaswa kukaa pembeni na fimbo yake akaelekeza tu, lakini vijana walikuwa wamehama na mifugo iliyobaki na nguvu, na yeye ubishi alizaliwa nao. Asubuhi moja kitu kikalia kiunoni mwake, ka! Akaanguka pamoja na ng'ombe. Ng'ombe alikufa palepale. Mzee aliamka, lakini tangu siku hiyo moto ulikuwa ukitoka kiunoni, unapita kwenye tako, unashuka nyuma ya paja mpaka kisiginoni, na haukumpa nafasi ya kukaa wala kulala.

Hayo yote binti yake Nasieku aliyasikia kwa simu akiwa Kitengela. Nasieku alikuwa fundi wa nguo, kibanda chake kikitazama barabara ya Namanga, na kazi yake kubwa ilikuwa kushona sare za shule. Mama yake alikuwa ameshafariki. Mume wa Nasieku mwenyewe alikuwa ameenda zake kitambo, na kusema kweli hakuna aliyemkumbuka. Ndugu yake wa pekee, Hillary, alikuwa mwalimu huko Rombo mpakani, na kila alipopigiwa simu kuhusu baba alikuwa na jibu moja tu: shule zikifungwa nitakuja. Shule za Rombo, ukimsikiliza Hillary, zilikuwa hazifungwi.

Hospitalini Kajiado mzee alipewa vidonge vya maumivu, vikaisha, akapewa vingine. Ndipo Munyiva, jirani wa Nasieku aliyekuwa akiuza sukuma wiki, akamtajia Daktari Muthama.

"Huyo si mganga," Munyiva alisema. "Amesoma hiyo kazi mpaka China. Anakudunga visindano vidogo halafu anaviwekea stima. Mama yangu alikuwa anatambaa, sai anaenda kanisa na miguu yake. Mlete mzee, Nasieku. Utamwacha huko afie kwa boma?"

Nasieku hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alimpenda baba yake kupita kiasi, na kila alipofumba macho alimwona amelala chini kama wale ng'ombe. Akapanda kwenda Kajiado, akamleta, akampa kitanda chake, yeye akalala kwenye godoro chumba cha pili. Jambo alilolitaka lilikuwa moja tu: baba yake atembee arudi kwa mifugo yake kwa miguu yake mwenyewe.

Kliniki ya Muthama ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati na pazia la kijani. Upande wa mlangoni kulikuwa na meza na viti. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda, na kando yake kimashine kidogo chenye vitufe vya kuzungusha na nyaya nyembamba zilizoishia kwa vibanio. Muthama alikuwa mtu mnene, mpole, wa kuongea taratibu. Alimsaidia mzee kulala kifudifudi, akamwambia afungue shuka mpaka nyuma ya mapaja, kwa sababu sindano nyingine zingeingia kwenye tako. Hapo Nasieku akatoka mbio akasimama nje ya pazia, na ndipo alipobaki.

Lakini kuondoka kabisa hakuweza. Kiswahili cha Mzee Kisemei kilikuwa cha soko la ng'ombe: "ongesa," "pungusa," "hapana," na matusi machache ya kumalizia. Kwa hivyo Nasieku ndiye aliyekuwa mdomo wa baba yake. Daktari aliuliza kwa Kiswahili, Nasieku akapeleka kwa Kimaa kupitia pazia, jibu likarudi kwa njia ileile.

Maumivu yalianzia wapi? Yakapita wapi? Akikohoa yanaongezeka? Mzee alijibu yote vizuri, akaongezea na habari za ng'ombe aliyekufa, jina lake na rangi yake, na Nasieku akatafsiri hata hayo. Kisha daktari akashusha sauti.

"Sasa mama, niulizie hii, na usione haya. Huku katikati ya mapaja, mahali anakalia, ako na ganzi? Na mkojo, anausikia ukikuja? Unamtoka bila yeye kujua, ama unakataa kutoka?"

Nasieku alisikia masikio yakimwaka. Asiyejua adabu za Wamaasai atasema, si aulize tu, hiyo ni hospitali. Jamani! Binti wa Kimaasai hamtaji baba yake chini ya kiuno. Si baba yake tu, hata mwanaume yeyote wa rika la baba yake, maana wote hao ni baba zake. Maneno yenyewe yapo katika Kimaa, kila mtu anayajua, ila mdomo wa kumwambia baba hayo maneno si wa binti. Anayeweza kumwuliza ni mwanaume wa rika lake.

"Daktari, hiyo ni lazima?"

"Lazima kabisa. Kuna mishipa hapa mwisho wa uti wa mgongo. Ikifinywa sana, inaanza na hiyo ganzi na mkojo. Mtu akiwa hivyo mimi simgusi na hii mashine. Huyo ni wa hospitali kubwa Nairobi, leo leo, apasuliwe. Akichelewa hatembei tena. Hata nguvu za kuzuia haja hazirudi."

Alieleweka vizuri sana, hakuna neno hata moja lililompita Nasieku. Na njia ilikuwepo, tena karibu. Angesema, daktari, mimi ni binti yake, siwezi, nitafutie mwanaume. Kila geti la Kitengela lilikuwa na mlinzi wa Kimaasai, baadhi yao wazee wa kutosha. Angetoka barabarani akamwita mmoja. Lakini Nasieku alikuwa amekaa mjini miaka mingi, anavaa viatu virefu siku ya Jumapili, na aliona aibu huyu Mkamba msomi amwone ni mshamba asiyeweza kuuliza swali la hospitali. Aibu ya kwanza alifundishwa na mama yake, na haina lawama. Hii ya pili alijitafutia mwenyewe, na ndiyo inayoniudhi mimi.

"Papa," akaita kwa Kimaa. "Daktari anauliza kama unalala vizuri."

"Maneno yote hayo marefu ni usingizi tu?"

"Ndiyo, Papa."

"Mwambie nalala."

Nasieku akarudi kwenye Kiswahili. "Anasema hapana, daktari. Hana hiyo shida."

"Asante Mungu," Muthama akasema, na sindano ya kwanza ikaingia.

Alidunga kiunoni, akadunga tako, akadunga nyuma ya goti na kwenye nyama ya mguu. Akabana nyaya, akawasha kimashine, kikaanza kulia tik, tik, tik. "Mwambie naongeza polepole. Akisikia imefika, aseme." Nasieku akasema. Mzee hakutoa sauti. Daktari akaongeza, akaongeza tena, mpaka mguu wenyewe ukawa unaruka kidogokidogo juu ya kitanda. "Mama, mbona hasemi?"

"Papa, ukisikia umeme sema."

"Nimeusikia zamani. Anataka nilie?"

Hapo Nasieku akacheka, na daktari alipotafsiriwa akacheka pia, akapunguza. Mtu aliyetahiriwa mbele ya watu bila kupepesa jicho, utamjulia wapi maumivu yake? Lakini alipoinuka kitandani, Mzee Kisemei alijifunga shuka, akatoka nyuma ya pazia amenyooka kuliko alivyoingia. Alitembea mpaka mlangoni, akageuka, akatembea tena mpaka kwenye meza. Akamshika Muthama mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Wewe, musuri." Nasieku alilia pale pale kwa furaha, na woga aliokuwa nao ukayeyuka ndani ya yale machozi. Akajiambia, unaona? Mtu mwenye ile shida nyingine angeinuka hivi?

Sindano zilisaidia kweli, hilo nalisema ili asije mtu akaisingizia mashine. Ule moto wa mguuni ulipoa. Mzee akaanza kukaa nje ya nyumba juu ya mtungi uliopinduliwa, akitazama malori ya saruji yakipita, akiwauliza wapita njia wenye mifugo bei na kuwacheka. Alikuwa akirudi kwa Muthama kila baada ya siku kadhaa, na kila mara alirudi na habari ya lini ataenda nyumbani. Nasieku akaanza kumshonea koti la kurudi nalo.

Halafu mzee akaacha kunywa chai. Mzee Kisemei, ambaye chai ya maziwa aliinywa kwa kikombe kikubwa cha bati na akiona nusu anauliza nani ameiba! Sasa anapewa, anaisogeza pembeni, inapoa, nzi wanaingia. Maji vilevile. "Sina kiu," anasema, na jua la Kitengela linapasua midomo yake.

Asubuhi moja Nasieku aliamka mapema kuliko kawaida akasikia maji yakimwagika nyuma ya choo. Akachungulia. Baba yake alikuwa ameinama kwenye ndoo, mkono mmoja ukutani kujishikilia, anafua shuka lake mwenyewe. Mzee ambaye hajawahi kusuuza hata kikombe. Alikuwa akilikamua huku akiangalia huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Papa, nipe nifue."

"Rudi ndani!" Alimfokea vile ambavyo hakuwa amemfokea tangu utotoni.

Alirudi ndani akakaa kwenye kitanda cha mzee, godoro limelowa, na magodoro ya kulala hayana siri kwa mwenye kuyatandika. Alijua. Hakuna haja ya kuzungukazunguka hapa, alijua kila kitu dakika ile, na maneno ya daktari yalimrudia yote na sauti yake: akichelewa hatembei tena. Akachukua simu akatoka hadi barabarani kumpigia Hillary.

"Unataka nimwulize baba mambo ya mkojo? Kwa simu?" Hillary alikaribia kucheka. "Nasieku, umepatwa na nini? Mimi ni mtoto wake, si wa rika lake."

"Basi njoo umpeleke Nairobi."

"Nimwambie tunaenda kufanya nini? Si umesema sindano zinamsaidia? Anatembea, ama hatembei?"

"Anatembea."

"Sasa! Shule zikifungwa nitakuja."

Nasieku alikata simu akisonya. Halafu akamkumbuka Roble, aliyezoea kumwita Baba Nasro. Huyu alikuwa Msomali aliyekuja kutoka Garissa miaka mingi kabla, mwenye duka la jumla karibu na soko la mbuzi, na tangu Nasieku akiwa msichana mdogo ndiye aliyekuwa akinunua ng'ombe wa baba yake. Yeye na Kisemei walikuwa wamegombana juu ya bei nusu ya maisha yao, na urafiki wao ulitoka humo. Kimaa alikijua cha kutosha. Si rika la Kimaasai, lakini ni mzee mwenzake, na mwanaume.

Nasieku alimkuta nyuma ya kaunta, akamwambia yote bila kumtazama usoni, macho kwenye magunia ya mchele. Hakumwambia tu kwamba daktari alikuwa ameuliza tangu siku ya kwanza, wala kwamba ni miguu iliyo hatarini. Hilo alilimeza.

"Baba Nasro, nakuomba. Mwulize kama mwanaume. Ukisikia ni ndiyo, uniambie tu neno moja, mimi nitajua la kufanya."

"Mwite aje tukae," Roble akasema. "Leo leo, inshallah."

Wakakaa, wazee wawili juu ya viti vya plastiki mbele ya duka, wakaongea mpaka jua likageuka. Nasieku alikuwa kwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara, cherehani imesimama, anawatazama. Aliona Roble akiinamia mbele. Aliona baba yake akitazama chini muda mrefu, kisha akamshika Roble kifundo cha mkono akamwambia jambo, na Roble akatikisa kichwa akikubali. Mzee alipoondoka, Nasieku alivuka barabara bila kuangalia magari.

Roble alikuwa akipanga pakiti za sukari zilizokuwa zimeshapangwa. "Nimeongea na yeye, binti Kisemei. Hakuna neno. Ni uzee tu. Mpe uji, mwombee dua."

"Kweli, Baba Nasro?"

"Hakuna neno."

Hakumwangalia hata mara moja, na Nasieku aliona kwamba hamwangalii. Lakini alikuwa amechoka kuogopa, alitaka kuambiwa hakuna neno, na sasa ameambiwa na mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Akamshukuru, akarudi kwa cherehani yake, usiku ule akalala usingizi mzito.

Waliporudi kwa Muthama, daktari alizungusha kitufe mpaka akaacha mwenyewe. "Mama, leo nimeweka juu kuliko siku zote. Anasikia kweli?"

"Papa, unasikia?"

"Mwambie mimi si mtoto," sauti ikasema nyuma ya pazia. Na hilo si jibu, lakini kwa mzee huyo kila jibu lilikuwa namna hiyo. Mgonjwa mwingine angenyamaza, daktari angejua nyama imekufa ganzi. Huyu akinyamaza, watu wanasema ni mwanaume.

"Na ile kitu nilikuuliza, ya mkojo? Uliuliza vizuri?"

"Ameulizwa, daktari," Nasieku akajibu, safari hii kifua mbele. "Ameulizwa na mwanaume mwenzake. Hana."

Muthama akazima kimashine. "Bado sipendi vile huu mguu unaburuta. Tupumzishe stima. Mpeleke apigwe picha ya mgongo Nairobi, nitakuandikia." Nasieku akakubali. Alisema wataenda Jumatatu, akimaliza sare za watu.

Jumatatu haikufika. Jumapili alfajiri alisikia baba yake akiita, si kwa ukali, kwa mshangao tu.

"Nasieku. Nani ameweka mzigo kwenye miguu yangu?"

Akawasha taa akaangalia. Hapakuwa na mzigo. Palikuwa na blanketi jembamba, na chini yake miguu miwili iliyolala kando kando, na mzee ameketi akiikazia macho.

Munyiva akaita watu. Mlinzi wa geti akaja, Roble akaja mbio na kikoi chake, wakaingiza mikono chini ya mzee kumpeleka kwenye gari. Alikuwa mrefu na mzito, walishindwa kumwinua mara mbili. "Mmoja ashike mkia," Mzee Kisemei akasema kwa Kimaa. Mlinzi alielewa, akageuza uso pembeni. Roble alielewa pia, na machozi yakamtiririka kwenye ndevu.

Hospitali kubwa ya Nairobi walimweka kwenye chumba cha dharura. Muuguzi mmoja alikuwa mzee wa Kimaasai wa upande wa Narok, mvi kichwani, na daktari wa zamu akamwita atafsiri. Nasieku alikuwa nje, mgongo wake ukutani. Akalisikia swali. Lilitoka kwa Kimaa sawasawa, maneno yote, wazi kabisa, jinsi wanaume wa rika moja wanavyoulizana. Na baba yake akajibu hapo hapo, bila kusita, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Ndiyo. Ganzi ilianza nikiwa sijatoka nyumbani. Maji yakaanza kunitoka wiki ile ya kwanza ya sindano."

Walimpasua. Daktari aliyempasua alikuwa kijana, alimweka Nasieku kwenye kiti na kumweleza kwa upole. Wamefungua nafasi, mishipa haifinywi tena, maumivu hayatarudi. Miguu nayo, hapana. Mkojo utatoka kwa mpira. "Hii kitu ni ya haraka, dada. Mngemleta wakati imeanza tu, pengine tungekuwa tunaongea mambo mengine." Hakumlaumu. Alidhani hakuna aliyejua.

Roble alikuja wodini na maziwa ya ngamia kwenye chupa. Alimvuta Nasieku kwenye ngazi.

"Aliniambia ndiyo," akasema. "Siku ile dukani. Aliniambia yote, halafu akanishika mkono akasema, huyo msichana asijue, Roble, utaniua. Nikampa neno langu. Nilifikiri ni aibu tu ya wazee. Wallahi sikujua ni miguu. Ungeniambia ni miguu, ningevunja hilo neno siku hiyo hiyo."

Nasieku alitaka kumrukia, amkwaruze. Alitaka kupiga kelele ngazi nzima isikie. Lakini angemwambia nini? Ni kweli hakumwambia habari ya miguu, kwa sababu angemwambia hiyo angelazimika kusema ameijua tangu lini. Akapokea chupa ya maziwa, akasema asante, akarudi ndani.

Wakamrudisha nyumbani, nje ya Kajiado, mvua ikiwa imeshanyesha na majani yameota juu ya mifupa ya ng'ombe. Hillary alikuja, hatimaye. Alisimama nje ya nyumba siku nzima na mikono mfukoni. Kumwosha baba yake hakuweza, na mkewe hawezi hata kufikiria, maana mkwe ni mbali zaidi ya binti. Wazee wa rika walikuja kusalimia, wakakaa, wakaenda kwa mifugo yao. Alipatikana kijana wa kulipwa, akakaa kidogo, akatoroka. Basi Nasieku akafunga kibanda, akauza cherehani, akahamia kwa baba yake.

Siku ya kwanza aliingia na beseni la maji ya moto na vitambaa. Mzee akaelewa amekuja kufanya nini. Akalivuta shuka akajifunika uso, na chini ya shuka mabega yakaanza kutikisika. Nasieku alimwosha kila mahali. Yale ambayo ulimi wake ulikataa kuyataja, mikono yake iliyagusa yote, ikayageuza, ikayakausha, ikamwaga mfuko wa mpira. Alilia pia, bila sauti.

"Papa," akasema akiwa bado ameinama. "Siku ile ya kwanza, daktari aliuliza. Mimi sikukuuliza."

"Nilijua hakuwa anauliza usingizi," mzee akasema. "Ungeniuliza, ningesema hapana. Halafu nisingekutazama tena maishani."

Pengine alitaka kumtua mzigo. Haukutua. Nasieku alikuwa akiwafikiria walinzi wote wa Kimaasai waliokuwa wamekaa kwenye mageti ya Kitengela siku ile, na kila mmoja angekuja akiitwa.

"Sasa sikiliza," mzee akaendelea chini ya shuka. "Huyu anayeniosha mimi simjui. Ni mtu tu amekuja na maji. Binti yangu yuko Kitengela, anashona nguo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Na hivyo ndivyo wanavyoishi. Kila asubuhi mtu anaingia na beseni, anamwosha mzee aliyefunikwa uso, hakuna anayesema neno. Akimaliza anatoka, anamwaga maji mbali nyuma ya boma, ananawa mikono mpaka viwikoni, anabadilisha leso. Anangoja mikono ikauke kabisa. Kisha anazunguka nyumba, anakuja tena mlangoni, anainamisha kichwa mbele ya kitanda, na mzee anafunua uso, anamwekea kiganja utosini, vile baba anavyomsalimu mtoto aliyetoka safari.

"Entito ai, takwenya," anamsalimu binti yake kwa Kimaa.

"Iko, Papa," anaitikia.

"Umefika salama? Kitengela wameamkaje?"

"Salama, Papa."

"Na kazi?"

"Kazi iko nyingi," anasema Nasieku, ambaye hana hata sindano ya mkono, na anamsimulia sare alizoshona, wateja wabishi, vumbi la malori. Mzee anasikiliza, anacheka panapochekesha. Wakati mwingine anauliza kama Roble bado ni mwizi, na Nasieku anasema bado.

Juzi alipokuwa akiaga kwenda kukamua, baba yake alimwita arudi, naye ameshafika mlangoni.

"Ukipita hapo nje," akamwambia, akiutazama ukuta, "ukimkuta yule mtu wa maji, mwambie nimesema asante."

Nasieku akasema atamwambia.